Kunguru Wapo, Lakini Kazi ya Tumbusi Itafanywa na Nani?

Jioni moja nilikuwa kando ya Mombasa Road, karibu na uwanja wa Nyayo, nikingoja matatu. Juu ya miti ya barabarani marabu walikuwa wanarudi kulala, mmoja baada ya mwingine, wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Mmoja alitua tawi la chini akiwa na kipande cha utumbo mdomoni. Akakirusha, akakidaka, akakimeza, na ule mfuko ukatikisika. Chini yake lami ilikuwa imegeuka nyeupe kwa kinyesi. Mama anayeuza mayai ya kuchemsha alikuwa amesogeza toroli lake mbali na tawi hilo.

"Kijana wangu," akaniambia, "hawa wakifukuzwa mji utapungukiwa na nini? Kunguru si wapo? Mwewe wapo. Mbwa wapo."

Nilimjibu harakaharaka kwamba kila kiumbe ana kazi yake. Matatu ilipofika Bellevue nilikuwa tayari nimejuta. Jibu hilo halikumtendea haki, kwa sababu swali lake ni zito na wanaikolojia wamelibishania kwa miongo kadhaa: ikiwa spishi nyingi zinafanya kazi moja, je, kupotea kwa moja kuna madhara gani?

Wapo wanaosema kila spishi ni nguzo. Wapo pia wanaosema madhara ni madogo, na hoja ya hawa wa pili si ya kupuuzwa. Mwaka 1992 mtaalamu Brian Walker alipendekeza viumbe wapangwe kwa kazi wanazofanya katika mfumo ikolojia, badala ya kuhesabiwa majina tu. Kazi yenye mfanyakazi mmoja ndiyo ilindwe kwanza. Penye wafanyakazi 10, akitoka mmoja, 9 waliobaki hupanua kazi yao na mambo yakaendelea. Ushahidi upo. Huko Minnesota, Marekani, David Tilman alikuwa na viwanja vya majaribio vya nyasi, na ukame mkali wa 1988 ukavikuta. Matokeo aliyochapisha na John Downing mwaka 1994 yalionyesha kwamba viwanja vyenye aina nyingi za mimea vilipoteza mavuno kidogo na kurudia hali yake upesi. Aina moja iliponyauka, nyingine iliyovumilia kiu ilijaza nafasi.

Mimi mwenyewe nimeliona jambo hilo kwa macho, Uthiru, kwenye kishamba cha shangazi yangu. Ua la mboga ya malenge hufunguka alfajiri na kufikia saa sita mchana limeshasinyaa. Mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani, nyuki wa asali hawatoki mzingani. Wanaofika wa kwanza ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, ambao miili yao mikubwa huweza kujipasha joto kabla ya kuruka. Nilimwona mmoja akiingia ndani ya ua la malenge akatoka amepakwa chavua ya manjano mgongo mzima. Jua lilipochomoza ndipo nyuki wa asali wakaja. Kazi ni moja, lakini mmoja anastahimili baridi na mwingine anasubiri joto, na kwa hiyo shangazi anavuna malenge mwaka wa baridi na mwaka wa jua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na nadhani ndipo pande zote mbili zinapopitana. Kinachomsaidia shangazi ni kwamba wachavushaji wake wanafanana kazi na kutofautiana udhaifu. Wingi wao peke yake usingemfaa kitu. Wakazi wa Nairobi tunalijua hili bila kufundishwa. Matatu za njia moja zikigoma, tunapanda za njia nyingine au bodaboda. Lakini mafuta yalipoadimika Aprili 2022, matatu na bodaboda zilipanga foleni kwenye vituo vilevile. Tulikuwa na vyombo vingi vya usafiri na udhaifu mmoja.

Sasa turudi kwa ndege wala mizoga, maana hao ndio walionibadilisha mawazo. Ukisema "wala mizoga" unadhani ni kazi moja. Iangalie kwa karibu. Ng'ombe akifa mbugani, ngozi yake ni ngumu, na mdomo wa marabu, pamoja na urefu wake wote, haukuumbwa kwa kuchana ngozi. Anasimama pembeni akisubiri. Tumbusi mkubwa mwenye ngozi iliyokunjamana shingoni ndiye anayepasua. Tumbusi wengine wenye shingo ndefu huingiza vichwa ndani wakavuta nyama laini, na wadogo wenye midomo myembamba hudonoa mabaki mifupani. Marabu huokota kilichodondoka au hunyang'anya. Kunguru naye hula kilichokwisha kufunguliwa. Kwa hiyo marabu na kunguru wanaweza kusafisha dampo la Dandora, ambako binadamu ameshawakatia vipande, lakini haimaanishi kwamba wanaweza kusafisha tambarare za Kitengela.

Nchini mwetu hili limepimwa. Darcy Ogada na wenzake waliweka mizoga ya mbuzi huko Laikipia na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Mahali ambapo tumbusi hawakufika, mizoga ilichukua karibu mara 3 ya muda wa kawaida kuoza ikaisha, na wanyama kama fisi na mbweha waliongezeka kwenye mizoga na kukaa hapo muda mrefu zaidi. Walaji wengine walikuwepo, ila hawakuifanya kazi ile kwa kasi ile, na kule kukutana kwao kwenye mzoga mmoja kunawapa maradhi nafasi ya kuhama kutoka mnyama hadi mnyama.

India walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Walikuwa na aina 3 za tumbusi waliofanana sana, wakihesabiwa kwa mamilioni. Kwa hesabu ya karatasi, hiyo ilikuwa akiba ya kutosha. Kuanzia miaka ya 1990 aina zote 3 zilianguka pamoja, kwa zaidi ya asilimia 95. Chanzo kilijulikana mwaka 2004: diklofenaki, dawa ileile tunayouziwa kemisti kwa maumivu ya mgongo, ambayo wafugaji walikuwa wakiwapa ng'ombe. Ng'ombe aliyetibiwa akifa, figo za ndege aliyemla ziliharibika. Serikali ya India ilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, tumbusi wakiwa wamebaki wachache mno. Na nani alichukua nafasi yao? Mbwa wa mitaani. Waliongezeka, na pamoja nao hatari ya kichaa cha mbwa. Kazi ilipata mtu wa kuishika, kweli, lakini kwa malipo ambayo hakuna aliyeyapanga.

Kinachonitisha ni kwamba ule mfanano wenyewe ndio uliowaua. Walifanya kazi moja kwa sababu walikula sahani moja, na sahani ilipotiwa sumu wote waliilamba. Hapa Kenya hali inaelekea huko kwa njia nyingine: mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba anatia sumu ya kuulia wadudu kwenye mzoga, na tumbusi kwa makumi wanashuka kabla ya simba kurudi. Tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell, waliokuwa wa kawaida kabisa kwenye mbuga zetu, tangu 2015 wamo kwenye orodha ya ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Kuna jambo la pili ambalo wanaoegemea akiba, yaani wingi wa spishi zinazofanya kazi moja, hawalisemi vya kutosha. Akiba huficha hasara. Kwenye matumbawe ya Jamaika, samaki wanaokula mwani walivuliwa kupita kiasi kwa miaka mingi, na bado mwani haukutapakaa, kwa sababu viumbe wa miiba mirefu, wale wanaowachoma wavuvi miguuni, waliendelea kuula. Aliyetazama kwa juu angeapa kwamba bahari ni nzima. Mwaka 1983 ugonjwa ukawakumba viumbe hao na kuwamaliza karibu wote. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 matumbawe hai, ambayo pia yalikuwa yamepigwa na kimbunga mwaka 1980, yalikuwa yameshuka kutoka takriban nusu ya sakafu ya miamba hadi chini ya asilimia 5. Mfanyakazi wa mwisho alikuwa amebeba mzigo wa wote, na hakuna aliyemtazama.

Hata hivyo siwezi kuhamia moja kwa moja upande wa wanaosema kila spishi ni nguzo na ikitoka moja nyumba inaanguka. Si kweli, na kulisema mbele ya mhandisi wa barabara au afisa wa bajeti ni kujipotezea imani. Spishi zimetoweka mahali pengi na mifumo imesimama. Fedha za uhifadhi ni chache, lazima mtu achague, na kigezo cha Walker kinasaidia kuchagua. Tatizo langu ni namna kinavyotumiwa, kwa kupima kazi moja, mwaka mmoja, mahali pamoja. Watafiti waliokusanya majaribio 17 ya nyasi, yenye aina 147 za mimea, walionyesha mwaka 2011 kwamba asilimia 84 ya aina hizo zilisaidia kazi fulani angalau mara moja, katika mwaka fulani au mahali fulani. Mmea unaoonekana wa ziada leo ndio unaobeba shamba mwaka wa kiangazi.

Ndiyo maana nikisikia "tumekata mti mmoja, tutapanda 10" huuliza ni 10 wa aina gani. Taifa linalenga kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na ninaiunga mkono nia hiyo kwa moyo wote. Lakini misaipresi iliyopandwa kwa mistari kwenye nyanda zetu za juu ilikutwa na vidukari kutoka nje mwaka 1990, na miti mingi ilikauka, kwa sababu udhaifu wa mmoja ulikuwa udhaifu wa wote. Ripoti za tathmini ya mazingira zinazotangulia barabara na majengo huorodhesha spishi. Ningependa ziongeze safu moja tu: ni kitu gani kinachoweza kuziua zote kwa pamoja?

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule mama nikanunua mayai mawili, nikamsimulia habari za India. Alisikiliza huku akikata kachumbari, akamwangalia marabu aliyekuwa akitembea kwenye mtaro kama mzee wa baraza.

"Kwa hivyo tatizo si kunguru wapo au hawapo," akasema. "Ni wote wanakula wapi." Akanipa mayai yangu. "Na mimi hapa watoto wanapita asubuhi kwenda shule. Mbwa wakijaa siwezi kulala."