Diski ya mtandao nyumbani: ni ghala zuri, ila bakapu bado

Tangu Google Photos ilipoacha kuhifadhi picha bure bila kikomo, tarehe 1 Juni 2021, watu wengi wamejikuta njia panda: walipie wingu kila mwezi, au wanunue NAS, ile diski inayochomekwa kwenye ruta ili simu na laptopu zote za nyumbani ziifikie. Wauzaji husema ukishakuwa nayo umemaliza kazi. Mimi naona ni kifaa kizuri kwa baadhi ya nyumba, na hata huko usikinunue kama huna hela ya kuongeza diski nyingine pembeni.

Uzuri wake ni wa kweli. Ukitaka kupandisha terabaiti moja kwenye wingu kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, itakuchukua siku tisa usiku na mchana, na hapo mtandao usikatike. Anayeishi kwa bando la simu asijaribu kabisa. Mzigo huohuo ukipita kwenye waya wa gigabiti moja kutoka kwenye kompyuta hadi NAS, unamalizika kwa saa mbili na nusu hivi, bila kugusa bando. Mpiga picha za harusi anayerudi kila Jumamosi na kadi zimejaa hahitaji kushawishiwa zaidi ya hapo. Lakini faida kubwa kuliko zote, kwangu, ni kwamba NAS haikutegemei ukumbuke. Baba anaingia nyumbani, simu yake inashika Wi-Fi, picha za siku hiyo zinajihamisha zenyewe. Eksteno, ile diski ya kuchomeka kwa USB, hukaa kabatini miezi mingi bila kuguswa. Hilo tunalijua sote.

Tatizo linaanzia kwenye neno RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja. Ukiweka diski mbili kwa mtindo wa RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili papo hapo. Moja ikifa, kazi inaendelea. Ila mtoto akifuta folda, imefutika kote kuwili. Mwizi akibeba boksi, kabeba zote mbili. Na kirusi kikifunga mafaili, kinafunga nakala zote kwa pamoja: Januari 2022 wenye NAS za kampuni ya QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti walikuta mafaili yamefungwa na kirusi cha Deadbolt, kikidai bitcoin 0.03 kwa kila kifaa. Miezi saba kabla yake, Juni 2021, wenye My Book Live, diski ya mtandao ya kampuni ya Western Digital (WD), waliamka diski zikiwa tupu, zimefutwa kutoka mbali. Kifaa hicho kilikuwa hakijapata masasisho tangu 2015, na ushauri wa kampuni ulikuwa mmoja: chomoa kwenye intaneti. Kisha Aprili 2023, baada ya WD kudukuliwa, huduma yake ya diski za mtandao, My Cloud, ilizimika kwa siku kadhaa, na watu wakashindwa kufungua diski iliyo juu ya meza yao wenyewe kwa sababu kuingia kulipitia seva za kampuni. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: intaneti ikikatika, nitaingia?

La pili ni aina ya diski ya ndani. Zipo za CMR, ambazo mistari yake ya data imekaa kando kwa kando, na zipo za SMR, ambazo mistari hiyo hupandana kama vigae vya paa, hivyo kuandika upya sehemu moja kunalazimisha kuandika na za jirani. Kwa kuhifadhi sinema hutaona tofauti. Utaiona siku diski moja imekufa na mpya inajazwa upya: kazi inaburuta, na mifumo mingine huikataa diski katikati. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Tafuta CMR kwenye maelezo ya modeli, usiridhike na neno NAS kwenye boksi.

Na umeme wetu? UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) yenye waya wa USB huiambia NAS ijizime taratibu kabla betri haijaisha. Iweke kwenye bajeti mapema.

Mwenye laptopu moja na simu moja, namshauri eksteno mbili: moja nyumbani, moja kwa dada au ofisini, azibadilishane kila mwezi. Diski iliyochomolewa hakuna mdukuzi anayeifikia. Familia yenye vifaa vingi inunue NAS, lakini ipunguze ukubwa wa diski za ndani ili ibaki hela ya eksteno ya kuchomeka nyuma yake Jumapili, kunakili, na kuchomoa. Wiki ya kwanza, chukua folda moja kutoka kwenye hiyo eksteno, ifungue kwenye kompyuta nyingine, uone picha zinafunguka.