Johnny Oduya: Jina la Kwetu, Barafu ya Kwao

Boston, 24 Juni 2013. Ni fainali ya hoki ya barafu, Chicago Blackhawks wako nyuma 2-1 dhidi ya wenyeji, imebaki dakika moja na ushei. Bryan Bickell anasawazisha. Sekunde 17 baadaye beki mmoja wa Chicago anafyatua shuti kutoka mbali. Kile kisahani cheusi kinamparaza mwenzake, kinagonga mlingoti, na Dave Bolland anakisukumia wavuni. Kombe la Stanley, la bingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, limekwenda Chicago. Beki aliyepiga lile shuti, mgongoni ameandikwa ODUYA.

Ukiliita jina hilo sokoni Kisumu, huenda wakageuka watatu. Lakini huyu, Johnny, alizaliwa Stockholm mwaka 1981, mama Mswidi, baba Mkenya wa Kijaluo. Ndipo ubishi unapoanzia kila anapotajwa katika mazungumzo ya Wakenya: ni wetu, au tunadandia gari la watu?

Wanaosema ni wetu wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Kwa Wajaluo mtoto ni wa ukoo wa baba, azaliwe Siaya au kwenye theluji. Na kama mila haikutoshi, fungua Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 14: ukizaliwa popote duniani na mzazi wako mmoja ni raia wa Kenya, wewe ni raia wa kuzaliwa. Kifungu hicho kinawagusa hata waliozaliwa kabla ya katiba yenyewe. Kwa hiyo anayesema "huyo ni Mswidi, basi" anabishana na sheria, si na mashabiki tu.

Upande wa pili hauangalii damu, unaangalia kazi. Beki wa hoki haokotwi. Anaanza kuteleza akiwa mdogo, kwenye klabu ya mtaa yenye barafu, makocha na wazazi wa kumpeleka mazoezini. Hayo Oduya aliyapata Uswidi. Akaenda Kanada kucheza ligi ya vijana, na mwaka 2001 Washington Capitals, timu ya NHL, wakamchagua katika raundi ya saba ya zoezi la kila mwaka ambalo timu hugawana wachezaji chipukizi, mahali ambapo wengi huchaguliwa na kusahauliwa. Hawakumchezesha hata mechi moja. Alirudi kwao akajinoa, hadi New Jersey Devils walipomwingiza NHL mwaka 2006. Baada ya hapo ni Atlanta, Winnipeg, kisha Chicago, alikobeba kombe mwaka 2013 na tena 2015. Katikati, mwaka 2014, alipata medali ya fedha ya Olimpiki kule Sochi akiwa na jezi ya Uswidi. Katika safari yote hiyo, hakuna kituo ambacho Kenya ilimlipia nauli.

Mimi naona linganisho la Divock Origi, mwanasoka aliyeichezea Ubelgiji, linasaidia. Baba yake, Mike Okoth, alikuwa mshambuliaji wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, aliyekwenda kucheza soka Ubelgiji. Pale baba alimrithisha mwana jina na ufundi kwa pamoja, hivyo Mkenya akijisifia Origi ana cha kushika. Kwa Oduya urithi umegawanyika: jina limetoka upande mmoja, mchezo umetoka upande mwingine.

Na hoki ilikuwa imeingia nyumbani kwao kabla yake. Nitarudi hapo.

Nairobi kwenyewe barafu ipo, tangu 2005, ndani ya Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Uwanja ni mdogo mno ukilinganisha na ule wa kimataifa wenye urefu wa mita 60. Ukichochea kidogo tu umefika ukutani. Ndipo walipozaliwa Ice Lions, timu ya hoki iliyokosa timu nyingine ya kucheza nayo nchini, hadi kampuni moja ya kahawa ya Kanada ilipowapeleka huko mwaka 2018 wakacheza na Sidney Crosby, nyota wa NHL. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Kwa vijana hawa jina Oduya lina kazi: linawaonyesha kwamba mwenye jina kama lao amewahi kulinyanyua lile kombe. Hapo nawaunga mkono wanaodai ni wetu. Nisichokubali ni kumtaja kama zao la michezo ya Kenya.

Sasa lile la nyumbani. Johnny alikuwa na kaka, Fredrik, aliyemzidi miaka sita hivi, beki pia. San Jose Sharks walimchagua mwaka 1993, naye akatangulia Kanada na Marekani, akahangaika katika ligi za chini bila kuigusa NHL. Alifariki kwa ajali ya pikipiki Novemba 2011. Miezi 19 baadaye mdogo wake alipiga lile shuti la Boston. Tunagombania nchi ya baba na nchi ya mama, na Fredrik, aliyeipita njia ile kwanza, hatumtaji.