Nani aliyefaidi masafa mafupi?

Historia ya redio katika Afrika ya kikoloni husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaosema ilikuwa mdomo wa mkoloni: Kenya, kwa mfano, matangazo yalianza 1928 kwa ajili ya walowezi, na Waafrika wakafikiriwa baadaye sana, hasa Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka na serikali ikahitaji kuwafikia askari na jamaa zao. Wengine hushikilia kwamba redio ndiyo iliyoharakisha uhuru. Ushahidi upo kwa wote, ila wote hutazama studio na kusahau chombo alichokuwa nacho msikilizaji.

Tuitazame "redio ya sufuria" ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, alifanikisha kutengenezwa kwa redio ya bei nafuu na kampuni ya Ever Ready, ganda lake likiwa la alumini kama sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake shilingi 25. Betri hiyo ilidumu saa 300 hivi: ukisikiliza saa 3 kila jioni, baada ya siku 100 unarudi dukani. Redio za valvu, yaani mirija ya kioo iliyotumika kabla ya transista, zilikula sana umeme, kwa sababu lazima valvu zipashwe moto muda wote, na juu ya hapo saketi ilitaka volti nyingi. Asiye na pesa ya betri mpya alibaki na redio bubu, akaenda kusikiliza kwa jirani. Kule kusikiliza kwa pamoja, tunakokusifu kama utamaduni wetu, naona kwa sehemu kubwa kulitokana na bei ya betri.

Jambo zito zaidi ni masafa, yaani aina ya mawimbi yanayobeba matangazo. Masafa ya kati (medium wave) hayakufaa: radi za kitropiki huyajaza mikwaruzo, na mchana hayafiki mbali. Masafa mafupi (short wave) hupanda, yakadunda kwenye tabaka la juu la anga na kutua mamia ya kilomita kutoka mtamboni. Kwa nchi kubwa yenye bajeti ndogo, hesabu ilikuwa rahisi.

Lakini anga halina forodha. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza 1951. Kufikia 1954 Cairo nayo ilikuwa hewani kwa Kiswahili, ikiwashambulia Waingereza, na mwenye redio ya masafa mafupi aliihamia kwa kuzungusha kidole tu. BBC ilipoanzisha idhaa yake ya Kiswahili Juni 1957, tayari ilikuwa na mshindani.

Somo hilo Afrika Kusini ililielewa vizuri kupita kiasi. Miaka ya 1960 ilisambaza Radio Bantu, idhaa ya serikali kwa Waafrika weusi, kwa FM, mawimbi yasiyovuka mbali upeo wa macho. Mwenye redio ya FM pekee alipata sauti safi kabisa, ila hakuweza kuisikia Dar es Salaam, ambako vyama vya ukombozi vilipewa nafasi hewani.