Masaa manne njiani kwenda kusalimia maksai wa zege

Jamani mimi nimezaliwa Mwanza, nimekulia Kirumba, ziwa nimelijua kabla sijaota meno. Sasa shemeji yangu anayekaa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, kaniamsha Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa pili huo, eti shem vaa, leo nakupeleka Bemidji ukaone ziwa. Ziwa! Karibu masaa manne kwenye gari, nje nchi nzima imevaa sanda, mimi nimevaa suruali tatu, tukisimama sheli kwenda haja ni mradi wa maendeleo.

Tumefika nauliza ziwa liko wapi, naambiwa si hilo hapo. Naona uwanja mweupe na pikapu zimepaki katikati. Watu wametoboa barafu, wamejifungia kwenye vibanda na hita wanasubiri samaki. Nikamuuliza mzee mmoja umepata wangapi toka asubuhi, kaninyooshea kidole kimoja na anacheka kwa furaha. Kule mwaloni ukirudi na samaki mmoja mkeo anauliza wengine umempelekea nani.

Haya, kivutio chenyewe sasa. Jitu la zege futi 18, sharubu, shati la drafti, linaitwa Paul Bunyan, mkata miti wa kwenye hadithi zao, na pembeni maksai wake Babe, rangi ya buluu. Jitu limesimama hapo toka 1937. Shemeji kajigeuza mtembeza watalii, eti zamani huku kote ilikuwa misonobari mikubwa, watu wanaingia porini wakati wa baridi maana magogo yanateleza vizuri kwenye barafu, ikiyeyuka wanayaswaga mtoni mpaka viwanda vya mbao, na eti nyayo za Paul na Babe ndo zilichimba maziwa 10,000 ya Minnesota. Nikamuuliza na hiyo misonobari mikubwa iko wapi? Waliimaliza. Yaani msitu umeisha alafu aliyeumaliza kajengewa sanamu! Kwetu ukikamatwa na magunia mawili ya mkaa bila kibali hakuna anayekuja kukupima urefu.

Ila hayo ya misitu tuwaachie wenyewe, mimi ni Msukuma bwana, kilichoniudhi ni huyo maksai. Hana nundu. Hana hata dalili ya nundu. Pembe zimetanuka hapiti mlango wa zizi lolote Kwimba nzima, na analimishwa wapi na rangi ile sijui. Nimemzunguka mara mbili namkagua, shemeji anatetemeka, "shem piga picha twende," nipige na nini, simu imezimika kwa baridi na vidole vyenyewe sivisikii. Tukapiga na ya kwake.

Jioni nikamtumia mama. Haikupita dakika tano ikaingia voice: "Mwanangu, huyo wamemuogesha josho la wapi? Usimnunue."