Nilivyoipata New Zealand bila antena

Kabla hamjaendelea kunitumia ile sauti aliyorekodi rafiki yangu, naomba nami nisikilizwe. Amesema nililia. Sikulia. Lilikuwa jasho, likapitia machoni.

Mnajua nilivyoisaka Heathkit SB-303. Ni risiva, yaani redio ya kupokea tu, ya mwaka 1970, ndugu ya SB-301, ila ile ina valvu (zile taa za kioo) na hii ni transista tupu: unawasha, inaongea papo hapo, hakuna kungoja kitu kipate moto. Iliuzwa vipande vipande, mnunuzi akajiungie mwenyewe kwa lehemu. Aliyeiunga yangu simjui, ila Mungu amzidishie.

Basi nikawaita wenzangu wa redio za ridhaa, pamoja na Mzee wetu ambaye Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, anaisikiliza huku akisoma gazeti. Nikaiweka 14.100 MHz. Kwa wageni wa mambo haya: hapo bikoni 18 za dunia nzima, yaani vituo vinavyorusha mlio ili watu wapime mawimbi yanafika wapi, hupokezana, kila moja sekunde 10, zikimaliza zote ni dakika 3. Bikoni hujitaja kwa Morse, kisha hupiga mistari minne, yaani milio mirefu, ya sekunde moja moja: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne 0.1. Ukiusikia huo wa nne kutoka mbali, ringa tu, ni halali yako. Mimi nilianza kuringa kabla.

Spika ikatoa: piiiiii. Sauti nyembamba, safi, haiyumbi.

Nikanyoosha kidole juu. "Tulieni! Hiyo ni ZL6B, New Zealand. Na huo ndio mstari wa nne!"

Wakapiga makofi. Makofi yakaisha. Mstari haukuisha.

Piiiiii.

Rafiki yangu akatazama saa yake. Akanitazama mimi. Akairudia saa. Nikasema, "Leo anga imefunguka sana." (Msiniulize nilimaanisha nini, ulimi ulishajitegemea.) Hapo ndipo alipotoa simu na kuanza kurekodi, mnafiki yule.

Mzee hakusema neno. Akainuka polepole, akazunguka nyuma ya meza, akainama. Nikakiona kichwa chenye mvi kinazama. Kimya. Kisha mkono ukachomoza, umeshika waya wa antena. Plagi yake ilikuwa bado imevaa kile kifuniko cha plastiki nilichoivisha isiingie vumbi.

Piiiiii, ikasema risiva.

"Mwanangu," Mzee akauliza, kwa upole ule unaochoma, "hawa New Zealand wanaingilia wapi?"

Kalibreta, jamani! Nilikuwa nimeiwasha kuhakiki namba za daili, nikaiacha hivyo hivyo. Kazi yake ni kutoa mlio wa alama kila baada ya kilohezi 100, na 14.100 imeangukia humo humo. New Zealand yangu ilikuwa kipande cha fuwele ndani ya sanduku lile lile, hata mezani haijatoka.

Mengine mafupi. Antena ikachomekwa, kalibreta ikazimwa, masafa yakawa kimya kabisa, na ghafla kila mtu akakumbuka ana shughuli. Redio ni nzima, asanteni kwa kuuliza, ingawa hakuna aliyeuliza.

Na wewe unayejiita rafiki, itoe ile piiii isiwe mlio wa simu yako. Juzi imelia mbele ya Mzee, akakwambia upokee haraka, New Zealand ni mbali.