Carmen Herrera hakuwa amekaa akisubiri

Akitajwa Carmen Herrera, hadithi huwa ni ile ile: bibi wa Kicuba aliyeanza kuuza michoro yake mwaka 2004, akiwa na miaka 89. Msimuliaji humalizia na "subira yavuta heri", sote tukatikisa kichwa. Mimi imenichosha. Inamfanya mtu aliyefanya kazi zaidi ya nusu karne aonekane kama abiria aliyekaa kituoni.

Herrera alizaliwa Havana mwaka 1915, akaanza kusomea usanifu majengo chuo kikuu, lakini vurugu za kisiasa zilikuwa zikikifunga chuo mara kwa mara na hakumaliza. Rula haikumtoka mkononi. Mwaka 1939 aliolewa na Jesse Loewenthal, mwalimu wa Kiingereza, wakahamia New York. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliishi Paris miaka kadhaa, na huko ndiko alikokutana na wachoraji wenzake wa maumbo ya jiometri, akaanza kupunguza: rangi chache, kisha mbili tu.

Chukua mfululizo wake wa Blanco y Verde, yaani "Nyeupe na Kijani", aliouanza mwaka 1959. Turubai nyeupe, imepasuliwa na pembetatu za kijani, nyingine nyembamba kama upanga. Hakuna kingine. Ukisogea karibu unaona rangi mara nyingine inazunguka hadi ubavuni mwa turubai, na panapoungana turubai mbili, ule mwanya wenyewe unakuwa mstari. Weupe unaacha kuwa nafasi tupu. Unaisukuma ile kijani. Anayesema "hata mwanangu angechora hivi" amkabidhi mwanawe penseli, aone kama pembe itakaa mahali pake.

Mwaka huo huo wa 1959, Frank Stella, kijana wa miaka 23, alionyesha michoro yake ya mistari myeusi kwenye MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, na jina lake likapaa. Herrera alikuwa ameshachora mistari ya nyeusi na nyeupe mwaka 1952. Sisemi kijana aliiba. Kila mmoja alifika kwa njia yake. Ila mlango ulimfungukia mmoja. Mwenye galari mmoja wa New York, naye mwanamke, alimwambia Herrera wazi kwamba anachora vizuri kuliko wanaume aliowachukua, lakini hatamfanyia maonyesho kwa sababu ni mwanamke. Hapo subira ingesaidia nini?

Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa hadithi ya subira hulipita haraka: mshahara wa mwalimu. Loewenthal ndiye aliyelipa pango na rangi, akafariki mwaka 2000, kabla soko halijaamka. Wangapi walikuwa na mkono kama wa Herrera lakini hawakuwa na Loewenthal? Hao hatuwajui, wala hakuna anayewapigia methali.

Soko lilipoamka, halikumbadilisha. Aliendelea kuanza na karatasi, penseli na rula, msaidizi akimshikia kazi mikono ilipochoka, hadi alipofariki Februari 2022 akiwa na miaka 106. Makumbusho ya sanaa ya Whitney, New York, yalipomfanyia onyesho kubwa mwaka 2016, kazi zilizotundikwa zilikuwa za kati ya 1948 na 1978. Yaani zote zilikuwa zimekauka kabla hata mnunuzi wa kwanza hajabisha hodi.