Oktoberfest nendeni asubuhi, usiku waachieni wenyewe

Septemba ikikaribia tu wanafunzi wa Kibongo tuliopo huku Ujerumani tunaanza kuulizana nani anaenda Munich kwenye Oktoberfest, lile tamasha la bia la kunywea kwenye mahema makubwa, na wengi wanapanga kufika saa moja usiku kama vile wanaenda klabu. Mimi nawaambia mnapoteza hela. Mwaka 2024 nilienda wikiendi na washkaji wa chuo kwa treni za mkoa, zile za tiketi ya mwezi, tukawa mlangoni saa tatu asubuhi mahema yanafunguliwa.

Jambo kubwa pale ni kiti. Ukisimama huuziwi bia, mhudumu anahudumia meza tu, na meza za jioni nyingi makampuni na wenye hela wameshabuku miezi mingi kabla. Asubuhi nafasi zipo, mnabanana na msiowajua kwenye benchi refu. Sisi tuliangukia kwa mzee mmoja na mkewe, mzee kaptula ya ngozi, mama gauni na aproni yake, na mzee hakutuacha tunywe mpaka tujue kushika ile glasi ya lita, unapitisha vidole vyote ndani ya kishikio cha glasi kiganja kinaiegemea, halafu mkigonga lazima umwangalie mwenzio machoni, ukiangalia pembeni anakurudisha mnagonga tena. Mhudumu naye alikuja na glasi kumi kwa mpigo. Piga hesabu, glasi tupu ina kilo moja na kitu, weka na bia yake, yule dada kabeba zaidi ya kilo 20 na anapita katikati ya watu wanaoyumba, halafu mtu anambania bakshishi!

Muziki nao. Tangu 2005 wana utaratibu kwamba mpaka saa kumi na mbili jioni ni matarumbeta tu, sauti isizidi desibeli 85, kwa hiyo mnapiga stori vizuri, watoto wapo, bibi wapo. Baada ya hapo ndio zinafunguliwa nyimbo za kurukaruka, watu juu ya mabenchi, na wewe uliyekuja usiku unadhani hiyo ndiyo Oktoberfest yenyewe wakati ilianza 1810 kwa harusi ya mwanamfalme Ludwig na Therese, watu wakaangalia mbio za farasi, na uwanja mpaka leo una jina la bi harusi, Theresienwiese.

Kuingia bure, ila lita moja mwaka ule ilikuwa euro 13.60 mpaka 15.30, yaani zaidi ya elfu 40 ya kwetu, na ina kilevi kama asilimia 6, sasa sijui sifa ya kunywa tano inatoka wapi. Glasi moja pamoja na kuku nusu inatosha, kuku ngozi kavu inapasuka mdomoni aisee. Mwenzetu mmoja hanywi kabisa kwa imani yake, akapiga juisi ya tofaa yenye gesi, akapanda bembea zote, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyefaidi kuliko sisi.

Begi kubwa acheni, mwisho begi la ujazo wa lita 3, la sivyo mtarudishwa getini. Na glasi msifiche kwenye koti jamani, 2022 walinzi walikamata zaidi ya 100,000, wakati za kununua zipo pale pale.